Daftari la Mwenye Duka

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maduka mengi ya katikati ya jiji la Kampala, hususan katika vichochoro vya Kikuubo, yalifungwa milango kwa siku kadhaa. Wenye maduka walikuwa wakiupinga mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, mfumo ambao tangu Januari 2021 umekuwa wa lazima kwa kila mfanyabiashara aliyesajiliwa kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mengi yalisemwa katika siku hizo. Wenye maduka walilalamika kwamba kodi zimekuwa nyingi na adhabu zake ni nzito mno. Mamlaka kwa upande wake ilishikilia kwamba mfumo huo haukuleta kodi mpya hata moja, bali ulikuja kuionyesha kodi ambayo mnunuzi amekwisha kuilipa dukani.

Chini ya mabishano hayo lilikuwapo swali la zamani kuliko mashine yoyote, nalo ni hili: mwenye biashara ndogo anatakiwa aandike nini katika shughuli zake za kila siku, na akishaandika, karatasi hizo azitunze mpaka lini? Swali hilo haliwahusu matajiri wa Kikuubo peke yao. Linamhusu muuza vipuri wa soko la Kisekka, mama mwenye kibanda cha nguo Owino, mwenye kinu cha kusaga mahindi Mbale, na mnunuzi wa maharage wa Kasese ambaye huenda hajapata kuiona mashine ya stakabadhi maishani mwake.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hukaririwa sana mashuleni, na pengine kwa kukaririwa mno imepoteza makali yake. Nchini Uganda, hata hivyo, sheria imeipa methali hiyo bei kwa shilingi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 10 lakini hayazidi milioni 150 hutozwa kodi ya mapato kwa jedwali maalumu, na viwango vilivyowekwa mwaka 2020 vimeligawa jedwali hilo katika safu mbili: ya wenye kumbukumbu, na ya wasio nazo.

Chukua mfano wa mwenye duka aliyeuza bidhaa za shilingi milioni 60 katika mwaka mmoja. Ikiwa ana kumbukumbu za mauzo yake, atalipa shilingi 180,000, na juu yake asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50, yaani shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 240,000. Jirani yake mwenye duka la ukubwa uleule, aliyeuza kiasi kilekile ila hakuandika chochote, atalipa shilingi 400,000. Kwa aliyeuza milioni 90 tofauti ni kubwa zaidi: mwenye daftari hulipa 430,000, na asiye na daftari hulipa 900,000. Na kwa mdogo kabisa, aliyeuza milioni 12 tu, mwenye daftari hudaiwa shilingi 8,000, hali mwenzake hudaiwa 80,000. Daftari lenyewe na kalamu havifiki hata sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Ni nadra sana kuiona sheria ya kodi ikimlipa mtu kwa kuandika.

Ikiwa faida ya kuandika ni dhahiri kiasi hicho, faida ya kutunza haionekani upesi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu huandika mwaka mzima kwa bidii, akalipa kodi yake, akapokea hati ya malipo, kisha akaona kwamba kazi ya karatasi zile imekwisha. Boksi likageuzwa kuwekea sabuni, na vitabu vya stakabadhi vikauzwa kwa kilo. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Uganda ya mwaka 2014 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano baada ya kumalizika kwa kipindi cha kodi kinachohusika.

Maneno hayo ya mwisho yastahili kusomwa polepole. Miaka mitano haihesabiwi tangu siku stakabadhi ilipoandikwa. Mwaka wa mapato wa Uganda kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Basi stakabadhi ya gunia la sukari lililonunuliwa Agosti 2024 imo katika mwaka uliomalizika Juni 2025, na miaka yake mitano itatimia Juni 2030. Aliyehesabu tangu Agosti ataitupa karatasi hiyo miezi kumi kabla ya wakati wake. Tena ikiwa kabla ya miaka mitano kutimia kumezuka shauri, iwe ni pingamizi kwa Mamlaka au ni kesi mahakamani, karatasi zinazohusika hazina ruhusa ya kutupwa mpaka shauri hilo limalizike lote, hata likichukua miaka minane.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu katika mashauri ya kodi mzigo wa kuthibitisha humwangukia mlipakodi. Ofisa wa kodi asipopata hesabu huruhusiwa kukadiria kwa kadiri ya busara yake, na anayeyaona makadirio hayo kuwa makubwa mno ndiye anayepaswa kuonyesha ukubwa wake. Hupewa siku 45 za kuleta pingamizi. Siku 45 zinatosha kabisa kwa mtu mwenye boksi lililopangwa kwa miezi, lakini kwa mtu anayeanza kutafuta stakabadhi za miaka mitatu iliyopita kwa wauzaji ambao baadhi yao wamekwisha kuhama mji, hazitoshi kitu. Makadirio ya upya kwa kawaida hufanywa ndani ya miaka mitatu, lakini panapodhaniwa kuwa pana udanganyifu au uzembe wa makusudi, sheria haikuweka kikomo cha miaka. Mtu mwaminifu aliyetupa karatasi zake hana namna nyepesi ya kujitenga na mdanganyifu aliyezichoma.

Lakini ofisa wa kodi si mtu pekee anayeweza kubisha hodi dukani, na kosa kubwa la wenye maduka ni kudhani kwamba kumbukumbu zote huwekwa kwa ajili yake. Pana daftari moja ambalo aghalabu ni chafu kuliko yote, limekunjwa pembe na kupakaa mafuta ya taa, nalo ni daftari la mkopo. Sheria ya Uganda ya ukomo wa madai inampa mwenye kudai deni la mkataba muda wa miaka sita kwenda mahakamani. Miaka sita ni zaidi ya mitano. Kwa hiyo mwenye duka anayefuata kanuni ya kodi peke yake atalitupa daftari la mkopo ilhali haki yake ya kudai ingali hai, na mdaiwa mwenye kumbukumbu nzuri atacheka kimyakimya. Isitoshe, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, saa ya sheria huanza kuhesabu upya. Mwenye mkahawa aliyekopa unga na mafuta ya kupikia mwaka 2021, akaja mwaka 2024 akaandika kwa mkono wake kwamba bado anadaiwa, amempa mwenye duka miaka sita mingine tangu siku hiyo. Mstari mmoja na sahihi vinaweza kuwa na thamani kuliko shehena iliyomo dukani, na karatasi ya namna hiyo hutunzwa mpaka deni lilipwe au sheria iliue.

Hali kadhalika mkataba wa pango. Maadamu mpangaji yumo ndani ya duka, mkataba huo na stakabadhi za kodi ya nyumba hazina umri wa kutupwa. Akishahama ndipo miaka sita huanza. Hati za kiwanja ni jambo jingine kabisa, maana madai ya ardhi hudumu miaka 12, na mwenye akili hazitupi hata baada ya hapo. Mashine ya kusagia, friji, pikipiki ya kubebea mizigo: stakabadhi ya kununulia kitu cha namna hiyo haina budi kutunzwa kwa muda wote kitakapokuwa mali ya biashara, na miaka mitano zaidi baada ya kuuzwa, kwani bila ya bei ya kununulia hakuna awezaye kusema kama kiliuzwa kwa faida au kwa hasara. Vivyo hivyo mwenye kuchukua hasara ya mwaka wa zamani na kuipunguza katika faida ya mwaka huu sharti awe na karatasi za mwaka ule wa zamani.

Kisha wapo wafanyakazi. Tangu sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri nchini Uganda, hata mwenye msaidizi mmoja tu dukani, anapaswa kupeleka mchango: asilimia 5 kutoka katika mshahara wa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka mfukoni mwa mwajiri. Kijana wa miaka 25 anayeanza leo atafika umri wa kuchukua akiba yake yote, yaani miaka 55, baada ya miaka 30. Hakuna anayetazamia kwamba mwenye duka atunze bahasha za mishahara kwa miaka 30. Hata hivyo, orodha moja ya kila mwaka yenye majina ya wafanyakazi, miezi waliyofanya kazi, mshahara na mchango uliopelekwa ni kurasa mbili tatu tu. Kurasa hizo hazili nafasi, nazo ndizo zitakazomwokoa mzee mmoja siku atakapoambiwa kwamba miaka yake minne haionekani.

Kwa hiyo ni makosa kuuliza kumbukumbu zitunzwe miaka mingapi kana kwamba zote ni za aina moja. Swali linalofaa ni kuuliza: jambo lililoandikwa humu limekwisha lini? Umri wa karatasi huanza kuhesabiwa siku jambo lake lilipokufa, nayo si ile siku wino ulipokauka. Stakabadhi ya sukari jambo lake hufa pamoja na mwaka wa mapato. Deni halifi mpaka lilipwe, au mpaka muda wa sheria uishe.

Wafanyabiashara wa mipakani wana la ziada la kufikiria. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika pande zote za mpaka miongoni mwa nchi wanachama, inamruhusu ofisa wa forodha kudai vitabu na hati za mwenye mzigo ndani ya miaka mitano tangu tarehe mzigo ulipoingia au kutoka. Mchuuzi anayepitisha bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa hudhani kwamba kazi ya hati hiyo imekwisha mara tu kizuizi kinapofunguliwa Busia au Katuna. Sivyo. Hati ndogo nayo ni hati.

Ukitazama nchi jirani utaona mambo mawili. Kenya kwa sheria yake ya taratibu za kodi ya mwaka 2015, na Tanzania kwa sheria yake ya usimamizi wa kodi ya mwaka huohuo, zote zimechagua miaka mitano kama Uganda. Tanzania nayo, kama Uganda, imemtenganisha mchuuzi mwenye kumbukumbu na asiye nazo katika viwango vya kodi. Lakini Rwanda inadai miaka kumi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vilevile ni miaka kumi, kwa kuwa tangu mwaka 2012 imo katika umoja wa OHADA, ule wa nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Muda wa miaka kumi ni desturi ya kale ya sheria za biashara za Ufaransa na Ubelgiji. Mwenye duka la Kasese anayeuza maharage kwa wanunuzi wanaovuka kutoka Kasindi hafungwi na sheria ya Kongo kwa sababu hiyo tu. Siku atakapofungua tawi Beni au Goma, ndipo boksi lake la huko litakuwa na umri mara mbili ya lile la nyumbani.

Katika jambo moja Kenya imewatangulia jirani zake wa Uganda, nalo si dogo. Sheria ya Kenya inakubali kumbukumbu ziandikwe katika lugha yoyote kati ya lugha zake mbili rasmi, Kiswahili au Kiingereza. Sheria ya Uganda inataka Kiingereza, na asiyeandika kwa Kiingereza anaweza kuamriwa atoe tafsiri kwa gharama zake mwenyewe, tena kwa mkono wa mfasiri aliyekubaliwa na Kamishna. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Mama wa sokoni anayeandika „nyanya, debe 3” katika Kiswahili au Kiluganda hakuficha lolote, na tarakimu zake zinasomeka na kila mtu. Kumwambia alipie tafsiri ya nyanya ni kumwambia aache kuandika. Ikiwa Serikali inataka madaftari yawe mengi, na jedwali la mwaka 2020 linaonyesha kwamba inataka, basi hilo ni jambo la kutazamwa upya.

Kutunza karatasi si kuziweka tu. Stakabadhi nyingi za siku hizi, za mashine na za vituo vya mafuta, hazina wino. Huchapwa kwa joto juu ya karatasi maalumu, na maandishi yake hufutika upesi. Ikiachwa juu ya dirisha la duka, au ikitiwa ndani ya mfuko wa plastiki karibu na mafuta, stakabadhi ya namna hiyo huweza kubaki nyeupe kabla ya mwaka kwisha. Mwenye nayo atakuwa ametii sheria kwa kutunza karatasi tupu. Dawa yake ni kuitoa nakala wiki ileile na kuibana pamoja na ile ya asili, au kuipiga picha kwa simu na kuiweka picha hiyo mahali pengine tofauti na simu yenyewe, kwa maana simu huibwa. Wala isidhaniwe kwamba mfumo wa Mamlaka unatunza kila kitu. Ankara iliyopita katika mfumo huo inaonekana, lakini maharage yaliyonunuliwa shambani kwa fedha taslimu, ujira wa wapakuzi, ushuru wa soko na pango la kibanda havimo. Vyote hivyo vinaishi katika daftari la mwenye duka peke yake. Taarifa za malipo ya simu nazo ziombwe na kuchapwa kila mwezi, maana kuzitafuta baada ya miaka minne ni kazi nyingine.

Tena pana moto. Soko la Owino liliungua Februari 2009, na si mara moja tu, na kila mara walioteketea hawakupoteza bidhaa peke yake. Aliyekuwa na orodha ya mali yake nyumbani aliweza angalau kusema alichopoteza. Utaratibu wa kufaa ni mwepesi: bahasha moja kwa kila mwezi, boksi moja kwa kila mwaka wa mapato, na boksi la mwaka uliofungwa lisilale dukani. Juu ya boksi iandikwe tarehe mbili, ya mwaka kumalizika na ya ruhusa ya kulifungua ili kutupa. Lile la mwaka uliomalizika Juni 2025 likiandikwa „Julai 2030”, hata mtoto aliyerithi duka ataelewa. Yasiyokufa, kama mikataba, hati, madeni na orodha za wafanyakazi, yawekwe katika jalada jingine lisilo na tarehe.

Muda ukitimia, karatasi zitupwe. Kulimbikiza kila kitu milele nako ni namna ya kutotunza, kwani anayetafuta stakabadhi moja katika lundo la miaka ishirini haipati. Lakini namna ya kutupa ina sheria yake pia. Daftari la mkopo limejaa majina ya watu, nambari zao za simu, mahali wanapokaa na kiasi walichoshindwa kulipa, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inakataza kukaa nazo kupita haja yake na inataka ziharibiwe zisiweze kusomeka tena. Basi madaftari hayo yachanwe vipande vidogo au yachomwe moto. Anayeyauza kwa kilo kwa wakaanga chapati anautembeza mjini umaskini wa wateja wake, ukurasa mmoja mmoja, ukiwa umefungia kifungua kinywa cha mtu mwingine.